Sebule, Mlango na Sufuria: Maisha ya Familia Zetu Ndani ya Filamu



Kila Desemba mabasi yatokayo Dar es Salaam hushusha watu pale Same mjini mchana kutwa. Hushuka na mabegi, magunia na, siku hizi, televisheni bapa iliyoviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Kutoka hapo ndugu zetu hutafuta magari ya kupanda mlimani: Vudee, Chome, Mamba, Gonja. Usiku makande yakishaliwa na vyombo kuondolewa, mjukuu mmoja huchomeka flashi, na sebule yenye watu kumi na watano inageuka ukumbi wa sinema.

Katika nyumba moja tuliyoalikwa, filamu ilikuwa ya Kibongo. Kijana alimleta mchumba nyumbani. Mama yake, kabla hata ya kumkaribisha maji, akauliza: "Kwao wapi? Kabila gani?" Binti akabaki amesimama mlangoni na mkoba wake. Pale sebuleni watu waliacha kutafuna karanga. Hakuna aliyegeuka kumtazama shangazi mmoja aliyekaa karibu na dirisha, lakini wote walijua kwamba miaka miwili iliyopita yeye ndiye aliyeuliza maswali hayohayo, na tangu hapo binti yake hajaja Krismasi.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyevunja ukimya. "Huyo mama mleteni hapa," alisema. "Kesi hiyo sisi tulishaifungua, bado hukumu tu." Watu walicheka, maana utani wa Mpare na kesi tunaujua wenyewe: ati yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Shangazi naye alicheka, kisha akaenda jikoni. Waliyozungumza huko na dada yake hatutayaandika. Kesho yake asubuhi tulimwona amesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao, ameshika simu sikioni.

Tumejiuliza tangu siku ile: sini moja ya dakika tatu, iliyoigizwa na watu wasiotujua, iliwezaje kufanya kile ambacho vikao viwili vya ukoo vilishindwa?

Jibu la kwanza si geni kwa msomaji wa Biblia. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza kwa kumlaumu. Alimsimulia habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Daudi alikasirika kwa ajili ya yule maskini kabla hajatambua kwamba anayezungumzwa ni yeye. Filamu hupita njia hiyohiyo. Haimtaji mtu. Inamweka mama wa kubuni mlangoni na kutuacha tumhukumu, na tukishamhukumu tunakuta hukumu imetufikia sisi.

Jibu la pili linahusu kazi ya kamera. Nyumbani tunapogombana kila mmoja huona uso wa mwenzake tu, hauoni wake. Kamera humwonyesha mama anayefoka, kisha hukata na kwenda kwa binti aliyesimama, kisha mikono yake inayominya mkanda wa mkoba. Mtazamaji anapewa nafasi ambayo katika ugomvi halisi hakuna mtu anayo: kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukimya nao hufanya kazi. Mwongozaji hodari akiacha sekunde nne bila maneno, sisi wenyewe tunazijaza, na hatuna cha kuzijazia isipokuwa mambo ya nyumbani kwetu.

Kutumia filamu kuwasemesha watu juu ya maisha yao si jambo la juzi, na kwa kiasi fulani lilianzia jirani. Ukisimama upande wa kusini wa milima yetu, ng'ambo ya bonde la Mkomazi unaiona Usambara. Huko, Vugiri, karibu na Korogwe, kati ya 1935 na 1937 palikuwa na makao ya mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Waigizaji walikuwa watu wa hapahapa, na filamu zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: wafanyakazi wawili wanalipwa mishahara, mmoja anaweka benki, mwingine anazifukia zake nyumbani na mwizi anazichukua. Waliotengeneza walikuwa na dharau zao za kikoloni, hilo tusilifiche. Waliamini Mwafrika ni mwanafunzi wa kufundishwa tu. Hata hivyo waliona mapema kwamba mshahara, wizi na aibu ya mwanaume mbele ya familia yake ni mambo ambayo mtu atayafuata kwenye kitambaa cheupe mpaka mwisho.

Miaka ya 1950 zilikuja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa kijana mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Jina la filamu ile ya pili, Chalo Amerudi, lingefaa kuandikwa kwenye kibao pale stendi ya Same kila Desemba.

Filamu za Kibongo tunazozijua leo zilishika kasi miaka ya 2000. Watu hulalamika kwamba ni sebule tupu: sofa, meza ya kioo, watu wanabishana. Sababu ni ya kifedha kabla ya kuwa ya sanaa. Nyumba ni ya kuazima, siku za kurekodi ni chache, taa ni mbili, na maneno ni bei rahisi kuliko safari. Lakini umaskini huo ulizaa kitu. Kwa kuwa kamera haikuweza kwenda mbali, ilibaki mahali ambapo familia zetu huishi na kuumizana. Ndiyo maana Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika Leaders Club kumuaga ulilia kama uliofiwa na ndugu. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameingia kwenye sebule zao kama kaka, mkwe, na katika Uncle JJ kama mjomba anayehangaishwa na watoto.

Miaka ya karibuni zimetokea kazi zenye utulivu zaidi. Binti, ya mwongozaji Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021, inawafuata wanawake wanne wa Dar es Salaam: mmoja amebanwa na madeni ya biashara, mwingine anaandaa harusi na mwanaume anayempiga, wa tatu anatamani mtoto, wa nne analea mtoto mwenye usonji. Tungeshauri ionyeshwe katika semina za ndoa, hasa sehemu ya yule anayeandaa harusi. Padre anaweza kufundisha saa nzima juu ya uhuru wa ridhaa. Binti anayeandaa harusi na mwanaume anayempiga anafundisha kwa muda mfupi zaidi.

Kanisa limetembea na jambo hili kwa tahadhari kwanza, kisha kwa upendo. Papa Pio wa XI aliandika Vigilanti Cura mwaka 1936 akiwa na wasiwasi mkubwa juu ya maadili ya sinema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963, mwaka uleule ambao Same ilifanywa Prefektura ya Kitume kabla ya kuwa jimbo mwaka 1977. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kuangaliwa. Na Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aya ya 129, alichukua mfano kutoka filamu ya Babette's Feast, inayohusu mpishi aliyetumia kila alichokuwa nacho kuwapikia wengine chakula kimoja. Akina mama wa jumuiya zetu wanaochochea kuni tangu usiku wa manane siku ya kipaimara hawahitaji maelezo juu ya filamu hiyo.

Katika orodha ile ya 45 zimo filamu mbili za Kiitaliano ambazo, kwa maoni yetu, zinatuhusu kuliko nyingi za Kiafrika. Moja ni L'albero degli zoccoli, ya Ermanno Olmi, iliyotoka mwaka 1978. Ni familia za wakulima wanaoishi katika shamba la bwana mmoja mwishoni mwa karne ya 19. Padre anamshauri baba ampeleke mwanawe shule, ingawa ni mbali. Kiatu cha mbao cha mtoto kinapasuka njiani, na baba anakata mti wa bwana usiku ili achonge kingine. Kwa mti huo mmoja familia nzima inafukuzwa. Mtu aliyeteremka mlima kwenda shule bila viatu, na mzazi aliyewahi kuuza mbuzi kwa ajili ya ada, wataitazama bila kuuliza Bergamo iko wapi.

Ya pili ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Baba asiye na ajira anapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma, kwa sharti awe na baiskeli. Mke wake anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili waikomboe ile waliyokuwa wameiweka rehani. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka jiji kuitafuta, na mwisho baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu. Anakamatwa, anazabwa vibao, mtoto akiona. Mwenye mali anamwachilia. Wanaondoka katikati ya umati, baba analia, na Bruno anaingiza mkono wake ndani ya mkono wa baba.

Tuliionyesha jioni moja kwa vijana wetu. Mwanzoni walichoka, maana haina rangi na inabidi kusoma maandishi. Mmoja aliuliza kwa nini asikate bima. Baadaye kelele ziliisha. Taa ilipowashwa kijana mmoja hakuwepo; tulimkuta nje, karibu na tangi la maji.

Alituambia kwamba baba yake aliendesha bodaboda ya mkataba. Unampelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku, na ukimaliza miezi mliyokubaliana pikipiki inakuwa yako. Ilibaki miezi miwili. Mvua zikaharibu barabara, abiria wakapungua, hesabu ikalala, na mwenye mali akaja kuichukua. Siku hiyo baba alipanda mlima kwa miguu, akakaa kwenye gogo nje ya jiko, kofia ya pikipiki bado iko mkononi. Kijana wetu, wakati huo wa darasa la sita, alikuwa anatoka kuchota maji. "Nilimpita," alisema. "Hata shikamoo sikumpa. Sikujua niseme nini. Yule mtoto alimshika mkono, mimi nilipita." Alikuwa amekaa na jambo hilo kwa miaka saba, na katika mazungumzo yote ya malezi hatukuwahi kulisikia. Kabla ya kufunga shule aliomba tumwekee filamu ile kwenye flashi aende nayo nyumbani.

Pamoja na hayo, filamu hutudanganya pia, hasa kwenye hatua kubwa za maisha. Hudanganya kwa kuruka. Harusi kwenye filamu ni shela, keki na mziki. Hatuoni barua ya posa, wazee wakipatana mahari, vikao vya kamati na daftari la ahadi, mafundisho ya ndoa, wala matangazo ya Dominika tatu. Kijana anayeijua ndoa kwa filamu anadhani ugumu ni kumpata mchumba. Msiba nao huwa kilio cha dakika mbili na miwani myeusi. Mahali petu msiba ni gari linalopanda na jeneza usiku kwa taa za tochi, ni vijana wanaochimba kaburi kwenye mawe, ni moto usiozimwa uani. Kisha mwanasheria wa filamu anasoma wosia sebuleni! Wengi wetu hatuachi wosia. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unampendekeza msimamizi wa mirathi, na jina linapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane anayesubiri filamu imwelekeze anaweza kupoteza shamba lake huku Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikimpa mwanamke haki sawa na mwanaume.

Kuna filamu nyingine ambayo hakuna orodha itakayoitaja, nayo ndiyo inayoangaliwa zaidi majumbani mwetu: video ya harusi, ya komunyo ya kwanza, ya upadrisho. Ombi letu kwa wapiga picha wa parokia ni moja. Mgeuze kamera. Meza kuu itajipiga yenyewe, kila simu inaielekea. Nendeni kwenye turubai la jikoni, kwa wazee waliokaa nyuma, kwa wanaoosha vyombo.

Familia moja huku mlimani ilifiwa na mama, na walipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza hawakuipata; hakuwa mtu wa kupiga picha. Mtu akakumbuka harusi ya mpwa wake. Wakaitafuta ile DVD, wakaiangalia yote. Karibu na mwisho, nyuma ya watu wanaokata keki, anapita akiwa amebeba sufuria ya pilau. Anagundua kamera, anacheka, anajifunika uso kwa upindo wa khanga. Walisimamisha video sekunde ile kabla khanga haijafika usoni, wakaipiga picha televisheni kwa simu. Picha hiyo iko ukutani mpaka leo ndani ya fremu, na mistari ya kioo cha televisheni inaonekana.