Siku tatu Ikungi: Mpitie Kondoa au mwende moja kwa moja?

Familia imepanga kwenda kuwasalimia babu na bibi Ikungi, mkoani Singida. Likizo ni ya siku tatu. Mizigo ikiwa tayari, mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo anauliza: "Kwa nini msipitie Kondoa, watoto wakaone michoro ya mapangoni?"

Wazo si baya. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey, anayejulikana zaidi kwa kazi yake ya Olduvai, alifanya kazi Kolo mwaka 1951 akiinakili. Mtoto aliyeisoma darasani akisimama mbele ya watu, twiga na pofu waliochorwa kwa rangi nyekundu, somo hilo halimtoki.

Lakini mzazi, kabla hujajibu "twendeni", piga hesabu ya saa.

Ukaribu wa kwenye ramani

Kwenye simu, Kondoa inaonekana jirani tu. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Ikungi haifiki kilomita 130. Lami haipiti hapo. Ukitaka kwenda Kolo kwa barabara nzuri, unazunguka kaskazini kupitia Singida mjini, Katesh na Babati, au unashuka hadi Dodoma kisha unapanda tena.

Tuchukue familia inayoishi Dodoma. Kurudi nyumbani kutoka Ikungi moja kwa moja ni takribani kilomita 200, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari dogo. Wakizunguka kupitia Babati na Kolo, safari inazidi kilomita 400. Njiani kuna miji na vijiji vingi vyenye vibao vya kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo barabarani peke yake ni saa saba au zaidi.

Ongeza Kolo yenyewe. Michoro haipo kando ya lami. Unaripoti kwanza, unapata mwongozaji, unafuata njia ya vumbi, kisha unapanda mlima kwa miguu. Tenga saa tatu. Ongeza chakula na kusimama kwa ajili ya watoto. Mkitoka Ikungi saa 12 asubuhi, kuna hatari kubwa ya kuingia Dodoma giza limeshaingia, dereva amechoka, na kesho yake ni shule na kazi.

Kwa wanaosafiri kwa basi hesabu ni ngumu zaidi. Ni kubadili magari Singida na Babati, kushuka Kolo, kisha kutafuta bodaboda. Kumpakia mama na watoto wawili mshikaki kwenye pikipiki moja ili kuokoa nauli si utalii, ni hatari.

Anayetoka Arusha ana jibu lingine. Yeye anapita Babati hata hivyo, na kutoka hapo Kolo ni kama kilomita 70 tu kuelekea kusini. Akilala Babati usiku mmoja, anaweza kwenda Kolo asubuhi na kurudi kabla ya jua kali. Ila usiku huo anautoa kwenye siku za Ikungi.

Mdogo kuliko wote ndiye kipimo

Usipime safari kwa nguvu za baba anayeendesha. Mpime mtoto mdogo kuliko wote garini. Kichefuchefu cha safari huwasumbua zaidi watoto wa miaka miwili hadi 12, na kutazama simu garini hukiongeza. Mtoto anayetapika saa ya pili hatafurahia pango saa ya sita. Anayenyonya hawezi kushinda amefungwa kwenye kiti, na kumtoa kumpakata gari likiwa kwenye mwendo si salama. Kama kuna mwenye homa au anayeharisha, jibu ni hapana, hata kama gari lipo na hela ipo.

Mkiamua kwenda, simameni kila baada ya saa mbili, kila mtu afunge mkanda, na mbebe maji safi ya kutosha na pakiti za ORS. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji safi.

Bibi anabaki na saa ngapi?

Hili ndilo swali linalosahaulika. Katika siku tatu, ya kwanza na ya tatu zinaliwa na barabara. Bibi amebakiwa na siku moja kamili na vipande viwili. Mkiondoka alfajiri ili kuwahi Kolo, asubuhi ya mwisho mmeikata, ile ambayo kwa kawaida wazee hutaka kukaa na wajukuu, kuwafungia kuku na mafuta ya alizeti, na kusema mambo ambayo hawayasemi kwenye simu.

Kolo itakuwepo. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati iwekwe lami, mkazi wa Dodoma anaweza kwenda huko Jumamosi yoyote, kilomita kama 180, na kurudi siku hiyo hiyo. Bibi wa miaka 80 haahirishwi kirahisi namna hiyo.

Watoto wakihitaji matembezi, wapelekeni Singida mjini, chini ya saa moja kutoka Ikungi. Kuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, yenye maji ya chumvi, ndege wengi na mawe makubwa. Bibi akiwa na nguvu, naye apande gari. Mchana mnakuwa mmesharudi kula.

Na yule aliyeuliza kwenye kundi, mjibuni kwa tarehe. Chagueni Jumamosi ya likizo ijayo, iandikeni kwenye kalenda ya ukutani, na watoto waione.