Merikani: Nilichojifunza Kwenye Kijiji cha Miaka ya 1830

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na aibu yangu. Mwaka jana nikiwa TP nilifundisha Historia Kidato cha Pili, kwenye shule moja ya kata mkoani Tanga. Mada ilikuwa biashara ya masafa marefu. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi zamani: kutoka bara, pembe za ndovu na watumwa, kutoka pwani, nguo, shanga na bunduki. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Madam, hizo nguo zilitengenezwa wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Ulaya." Akaandika. Kengele ikalia, nikafuta ubao, nikaenda kunywa chai.

Miezi miwili baadaye ndipo nilipojua kwamba nilimdanganya. Nilikuwa mbali sana na Tanga, nimesimama mbele ya kaunta ya duka la mbao, naongea na mama aliyevaa gauni la mwaka 1830 na kitu.

Nieleze nilifikaje huko. Muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu niliupata kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwezi Oktoba mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia alitupeleka kwa basi kwenye makumbusho inayoitwa Old Sturbridge Village. Mimi nikawaza makumbusho ni makumbusho: vitu ndani ya kabati la kioo, kibao "usiguse", mlinzi anasinzia. Kumbe sivyo.

Old Sturbridge Village ni kijiji kizima. Kina majengo zaidi ya 40: nyumba za kuishi, nyumba ya ibada, shule, duka, benki, karakana ya mhunzi, ya mfinyanzi, mashine ya kupasua mbao inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kuna shamba lenye kondoo, na maksai wamefungwa nira wanavuta mkokoteni. Wahudumu wote wamevaa kama watu wa vijijini wa eneo la New England walivyovaa kati ya miaka ya 1790 na 1830. Wanawake wana magauni marefu, aproni, na kofia za kitambaa zinazofungwa chini ya kidevu. Na hawajavaa ili wapigwe picha tu. Wanafanya kazi. Mhunzi anavuta mvukuto, chuma kinakuwa chekundu, anakigonga mbele yako mpaka kinakuwa msumari. Jikoni mama anapika kwenye moto wa kuni, na moshi unakuingia machoni kama jikoni kwa bibi.

Jambo la kwanza lililonishangaza: kijiji hiki hakikuwahi kuwepo. Majengo mengi ni ya kweli na ya kale, ila yalitolewa sehemu mbalimbali. Shule ilitoka mji wa Candia, jimbo la New Hampshire. Duka lilitoka Dummerston, Vermont. Nyumba kubwa ya tajiri ilitoka Charlton, mji wa jirani. Yalihamishwa moja moja, yakapangwa kuzunguka uwanja mmoja kana kwamba yalizaliwa pamoja. Wenye wazo walikuwa ndugu wa ukoo wa Wells, waliokuwa na kiwanda cha miwani na waliopenda kukusanya vitu vya kale. Kijiji kilifunguliwa kwa watu mwaka 1946.

Wazo lenyewe lilianza zamani zaidi, tena si Marekani. Mwaka 1891 Msweden aitwaye Artur Hazelius alifungua Skansen jijini Stockholm. Viwanda vilikuwa vinabadilisha maisha ya Wasweden haraka, naye aliona nyumba na kazi za wakulima zinapotea. Akahamishia nyumba hizo kwenye kilima kimoja, akaweka watu waliovaa mavazi ya asili wawaeleze wageni. Kutoka hapo wazo likasambaa. Hata Kijiji cha Makumbusho chetu pale Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, ambacho kipo tangu miaka ya 1960 na kina nyumba za makabila mbalimbali, ni mjukuu wa wazo hilohilo.

Sasa kwa sisi watu wa ualimu kuna jambo la kujua. Waongozaji wa makumbusho za aina hii wana njia mbili za kuongea. Njia ya kwanza ni kuigiza kabisa. Kwenye makumbusho ya Plimoth, hukohuko Massachusetts, kuna waongozaji wanaojifanya ni walowezi Waingereza wa miaka ya 1620. Anasema "mimi", "mume wangu", "meli yetu", na ukimwuliza habari za simu anakushangaa. Njia ya pili ndiyo niliyoiona Sturbridge: mavazi ni ya kale lakini mtu ni wa leo. Anasema "wao walifanya hivi". Ya kwanza inasisimua zaidi, haina ubishi. Ila ya pili inakuachia nafasi ya kuuliza yaliyotokea baadaye, na yaliyotokea mbali na pale. Ingekuwa ni ile ya kwanza, swali langu lingegonga ukuta.

Nilianzia shuleni, mguu ulinipeleka wenyewe. Ni chumba kimoja, madawati ya mbao, jiko la kuni. Watoto wa miaka minne na vijana wakubwa walisoma humo pamoja, kila mmoja na kitabu alichotoka nacho nyumbani. Kazi yao ilikuwa kukariri, kisha kusimama mbele ya mwalimu na kusema walichokariri. Kuni zililetwa na wazazi. Majira ya joto mara nyingi alifundisha msichana, majira ya baridi mwanamume, na mwalimu alilala kwa zamu kwenye nyumba za wanafunzi. Wengi wa walimu hao walikuwa wadogo kuliko mimi na hawakusomea ualimu popote. Chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali nchini Marekani kilifunguliwa mwaka 1839 mjini Lexington, jimbo hilohilo, kikaanza na wanafunzi watatu. Nilikaa kwenye dawati nikacheka peke yangu. Kuni za wazazi, kukariri, umri mmoja na mwingine chumba kimoja. Mbona naijua hii shule?

Halafu nikaingia dukani.

Duka la kijiji lilikuwa kama duka la Mpemba la mtaani kwetu: kila kitu kipo, na daftari la mikopo lipo. Fedha taslimu ilikuwa adimu. Mkulima alileta siagi na jibini, ikaandikwa. Akachukua sukari, chai, misumari, vyombo, ikaandikwa. Nyuma ya kaunta, kwenye rafu, palikuwa na majora ya vitambaa. Mengine ya maua, mazuri. Moja lilikuwa la pamba tupu, zito, halijapaushwa, rangi kama ya maziwa yaliyokaa. Nilipoliona nikasema kwa sauti, "Merikani!"

Bibi yangu kule Muheza alikuwa akishonea foronya za mito ya sufi kitambaa cha aina hiyo. Alikiita merikani maisha yake yote, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini. Neno lilikuwa limebeba jibu waziwazi, nami nilikuwa nalo tangu utotoni.

Yule mama wa dukani akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza. Akanieleza naye: kufikia miaka ya 1830 wanawake wa vijijini huku walikuwa wanaacha kufuma nguo nyumbani, kwa sababu viwanda vilivyoendeshwa kwa nguvu ya mito vilikuwa vinatoa kitambaa cha bei rahisi. Kilichobaki kilipakiwa melini kwenye bandari kama Salem na Boston, kikauzwa ng'ambo. "Mpaka Zanzibar?" nikauliza. "Zanzibar pia," akasema, "na meli zilirudi na pembe za ndovu." Akanishika mkono, akaniomba nirudie lile neno polepole. Me-ri-ka-ni. Chini ya gauni alikuwa amefunga mfuko kiunoni kama walivyofanya wanawake wa enzi hizo. Akatoa humo kalamu ya risasi na karatasi, akaliandika.

Jioni nilienda maktaba ya chuo nikakaa mpaka inafungwa. Wafanyabiashara wa Salem walianza kufika Zanzibar miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Walinunua pembe, na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, jimbo la jirani, zikawa vitana na funguo za piano. Walicholeta hasa ni kitambaa kile. Kilikuwa kigumu, kinadumu, na watu wa bara walikipenda kiasi kwamba kikawa kama fedha. Kilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Kilifungwa mzigo ambao mpagazi aliubeba kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, na mzigo huo uliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba. Neno letu la leo kwa nguo kuukuu, nyingine zikitoka Marekani hiyohiyo.

Kisha kukatokea vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ikakosekana viwandani, bei ikapanda, nguo za Uingereza na India zikachukua soko. Jina la merikani likabaki kwa bibi yangu.

Kwa nini pamba ikosekane? Hapa ndipo uzuri wa kijiji kile ulipoanza kunikaa vibaya. Pamba haioti Massachusetts, kuna baridi. Ililimwa na kuvunwa na watu weusi waliokuwa watumwa kwenye majimbo ya kusini. Utumwa ndani ya Massachusetts ulikwisha tangu miaka ya 1780, lakini viwanda vyake viliishi kwa jasho la watumwa wa kwingine. Fikiria njia ya kitambaa kile: kimevunwa na mtumwa, kimefumwa na binti wa mkulima, kimefika Zanzibar, kimepanda bara kichwani mwa mpagazi, na huko kikanunua pembe na wakati mwingine kikanunua binadamu. Jora moja tu kwenye rafu. Na ardhi yenyewe lilipo duka ilikuwa ya watu wa kabila la Nipmuc kabla ya walowezi.

Silaumu kijiji. Mhunzi anaweza kukuonyesha msumari unavyotengenezwa, ila hawezi kukuonyesha kwa nyundo kitu kilichotokea kilomita maelfu kutoka pale. Makumbusho hai huonyesha vizuri kazi ya mikono. Mahali vitu vilikotoka na mahali vilikokwenda havionekani, mpaka mgeni aulize. Ndiyo maana kwenda tu hakutoshi. Usiku ule nilijipangia maswali matatu ya kumpa mwanafunzi kabla hajashuka kwenye basi. Kitu hiki kilitengenezwa na malighafi ya wapi? Aliyekitengeneza alilipwa nini? Nani aliishi hapa ambaye simwoni? Ukiwa Kijiji cha Makumbusho, Bagamoyo au Mji Mkongwe, maswali hayo yanafanya kazi vilevile, na nauli yake ni ya daladala au boti.

Nilimtumia ujumbe mwalimu wa somo kule Tanga, na picha ya lile jora. Nikakiri kosa. Akajibu: "Madam, wanaingia upimaji mwezi ujao, na hilo swali huwa halitoki. Ila nitawaambia."

Siku tatu baadaye akaniandikia tena. Alimwita yule binti, akampa jibu, wakarekebisha daftari. "Amesema asante," aliandika, "na anauliza hiyo pamba nayo ilitoka wapi."

Nilikaa nikamwandikia jibu refu, safari hii baada ya kusoma kwanza. Nyie mnaokwenda TP mwaka huu, mkiulizwa msichokijua, semeni "sijui, nitakuletea". Ni maneno mawili tu, na hakuna mtu anayekatwa alama kwa hayo.