Paka wa Chomboni na Dang'a ya Mbuzi

Katika mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Star Trek: The Next Generation yumo paka aitwaye Spot. Anayemfuga ni Data, mtu wa mitambo atumikaye katika chombo cha anga za mbali. Kwa kawaida paka huyo hana kazi ila kula na kulala. Lakini katika hadithi iitwayo "Genesis", iliyoonyeshwa Marekani mwezi Machi 1994, yeye ndiye aliyefungua njia ya kuwaokoa watu wote wa chombo. Mwaka huo huo Tanzania Bara ilipata televisheni yake ya kwanza. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973.

Katika hadithi hiyo, ugonjwa unawageuza watu kuwa mfano wa viumbe vya kale: mmoja anakuwa kama buibui, mwingine kama nyani. Data na nahodha wake wanarejea kutoka safarini na kumkuta Spot amekuwa mjusi. Hata hivyo, watoto aliowazaa ni paka kamili. Data anajiuliza: mama ameugua, watoto wamesalimika, kwa nini? Anakisia kwamba walilindwa na kingamwili za mama zilizopita katika kondo la nyuma. Kisha, kwa msaada wa muuguzi mjamzito, dawa inapatikana.

Mengi katika hadithi hii ni ya kubuni. Hakuna kiumbe kinachorudia umbo la mababu zake kwa siku chache. Swali la Data, hata hivyo, ni la kweli, na jibu lake huonekana kila siku katika zahanati na mazizi ya Kibondo na Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili kupambana na vijidudu. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama kwa njia ya kondo, hasa katika wiki za mwisho za mimba. Huzaliwa na akiba, nayo akiba hiyo hupungua mwezi hata mwezi. Ndiyo sababu nchini Tanzania chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na tena miezi 18. Ikitolewa mapema mno, kingamwili za mama huweza kuvizuia virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kuvitambua. Basi mama wa Kasulu anayeambiwa arudi mwezi wa tisa hacheleweshwi bure. Asiporudi, akiba imekwisha na mtoto hana ngao.

Kwa mbuzi na ng'ombe mambo ni mengine. Kondo lao lina matabaka mengi, na kingamwili hazipiti. Ndama huzaliwa bila akiba. Kinga yake imo katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano. Utumbo wake huweza kufyonza kingamwili zikiwa nzima kwa muda mfupi tu: saa 6 za kwanza ni bora kabisa, na baada ya saa 24 mlango umekwisha kufungwa. Mfugaji anayemwaga dang'a akidhani ni uchafu huwa amemwaga kinga ya mnyama wake.

Je, paka? Yeye yu katikati. Kingamwili kidogo hupita katika kondo, lakini nyingi hupatikana katika maziwa ya kwanza. Kwa hiyo wazo la Data lilimfaa zaidi muuguzi kuliko Spot mwenyewe.

Zoezi kwa wanafunzi: mbuzi azaapo nyumbani, andika saa aliyozaliwa mtoto na saa aliyonyonya mara ya kwanza. Fuatilia afya yake kwa mwezi mmoja, kisha linganisha daftari lako na ya wenzako darasani.