Matokeo ya Mtihani wa Mwigo Yasomweje Nyumbani

Wiki hii tumeona tuyaelekeze mazungumzo yetu Garissa, kwa jirani zetu wa mto Tana, ambako wengi wa wasomaji wetu wana ndugu, wakwe na watoto wanaosoma. Muhula wa pili unakaribia ukingoni, na watahiniwa wa kidato cha nne wanaufanya mtihani wa mwigo. Majibu yatafika nyumbani kabla ya Agosti, na zipo nyumba ambazo yatapokewa kana kwamba Novemba imekwisha kupita.

Kwanza tufahamu mtihani huu ni kitu gani. Hautungwi na Baraza la Mitihani. Hutungwa na walimu wa shule yenyewe, au wa shule kadhaa zilizoungana, na wao ndio huusahihisha. Alama zake haziingii katika KCSE. Walimu wengi huufanya mgumu makusudi na kusahihisha kwa mkono mzito, ili mwanafunzi asibweteke. Sisi tuliopitia madrasa tunalijua jambo hili kwa jina la murajaa: mwanafunzi humsomea mwenzake au mwalimu mdogo kabla ya kuketi mbele ya sheikh, akakwama, akarudishwa, akarudia. Hatukuwahi kuona mtoto akifukuzwa chuoni kwa kukwama katika murajaa. Imewekwa ili akwame pale.

Sasa tuingie katika hesabu, maana wazazi wengi huambiwa gredi wasijue imetoka wapi. Katika KCSE gredi ya A ni pointi 12, na hushuka moja moja mpaka E yenye pointi 1. Masomo 7 ndiyo yanayohesabiwa, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. Mlango wa shahada ya chuo kikuu ni wastani wa C+, nao huanzia pointi 46. Tangu mtihani wa mwaka 2023, masomo hayo 7 ni Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vizuri zaidi, na mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi. Zamani Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vilihesabiwa kwa lazima. Kwa mtoto wa Garissa, ambaye nyumbani huzungumza Kisomali na lugha zote mbili amezikuta darasani, badiliko hili si dogo.

Tuchukue mfano wa binti aliyepata A- katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, C+ katika Kiingereza, C katika Biolojia na C katika Historia, C- katika Kiswahili, D+ katika Kemia na D katika Hisabati. Jumla yake ni pointi 42, yaani wastani wa C. Baba akiisoma C hiyo peke yake atasema chuo kikuu kimeshampita. Lakini kilichobaki ni pointi 4. Kiswahili kikipanda ngazi mbili, Kemia moja na Hisabati moja, amefika 46. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu ni hizo pointi nne zimejificha karatasi ipi.

Na hapo ndipo tunapomsihi mzazi asitosheke na gredi, aombe karatasi zenyewe zilizosahihishwa. Kila karatasi ya Hisabati ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, kisha maswali manane ambayo mtahiniwa huchagua matano, kila moja alama 10. Mtoto aliyejibu mawili tu katika hayo matano huenda hakukosa akili, muda ulimwishia. Kemia ina karatasi ya tatu, ya vitendo, yenye alama 40. Aliyeanguka hapo katika shule ambayo maabara yake haina dawa hahitaji kukemewa, anahitaji kushika chupa na vipimo kwa mikono yake kabla ya Novemba. Makosa haya mawili hayafanani, na dawa zake hazifanani, ijapokuwa gredi inaweza kuwa ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hailisemi. Mnamo Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera wakaua abiria 28, walimu wakiwamo. Tarehe 2 Aprili 2015 wakashambulia chuo kikuu cha Garissa, na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Baada ya mikasa hiyo walimu wengi wasio wenyeji waliondoka au wakahamishwa, na shule zikabaki na madarasa yasiyo na mwalimu wa Fizikia au Hisabati kwa muda mrefu. (Na tusimsahau mwalimu Salah Farah, Muislamu, aliyepigwa risasi Desemba 2015 katika basi la kwenda Mandera kwa kukataa abiria watenganishwe kwa dini zao, akafariki mwezi uliofuata.) Mtoto akileta D ya Fizikia, mzazi aulize kwanza: somo hili mmefundishwa miezi mingapi? Hatusemi hivi ili kumtafutia mvivu udhuru. Tunasema kwa sababu mtihani humpa aliyepuuza na aliyenyimwa mwalimu alama moja.

Tumewahi kuketi katika kikao cha familia moja ambako mjomba aliiweka mezani ripoti ya mtihani wa mwigo ya binti wa miaka 18, akasema masomo yamemshinda, na mchumba yupo. Mama alinyamaza. Binti alikuwa nyuma ya pazia, akisikia kila neno. Tulimsihi baba asubiri Novemba, akakubali kwa shingo upande. Ndoa ni sunna na hatuipingi; tunachokataa ni kuifanya adhabu ya karatasi ambayo hata serikali haiitambui. Kwa kijana wa kiume mambo hayo hayo huja kwa sura ya duka la ami yake au ngamia wanaohitaji mchungaji.

Kuhusu wanaouziana karatasi za mwigo kabla ya siku yake, hatutarefusha. Ni ghushi, na ghushi ni haramu. Isitoshe, aliyeiba kipimo chake mwenyewe hatajua anaumwa wapi.

Tangu mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku ziara za wazazi katika muhula wa tatu. Maana yake ni kwamba mwenye mtoto wa bweni asimngoje Septemba; amwone mwalimu wa kila somo kabla shule hazijafungwa Agosti. Likizo hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya mtahiniwa kukaa na mtu wa kumwelekeza. Garissa ina wanafunzi wa chuo kikuu, na ina walimu waliostaafu. Madrasa zetu, huko na huku pwani, baada ya Isha huwa tupu, nazo zina taa, mikeka na ubao. Kinachotakiwa ni mtu mmoja wa Hisabati na mmoja wa Kemia, na nafasi ya wasichana iliyotengwa kwa heshima. Mwenye mtahiniwa nyumbani azungumze na imamu wa mtaa wake baada ya swala ya Ijumaa hii.