Swali Kwanza, Njia Baadaye: Kuchagua Namna ya Kukusanya Data katika Utafiti wa Kiteolojia, kwa Mifano ya Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Mwanafunzi wa teolojia afikapo mwaka wa kuandika tasnifu, aghalabu jambo la kwanza analoliandaa ni hojaji. Huandika maswali ishirini au thelathini, huyatoa nakala, huyapeleka usharikani, na baada ya majuma machache hurudi chuoni na asilimia zake. Akiulizwa kwa nini alichagua hojaji, hujibu kwamba ndivyo walivyofanya waliomtangulia. Jibu hilo halitoshi, na hasara yake huwaangukia watu kuliko inavyomwangukia mwanafunzi. Halmashauri za sharika na dayosisi huamua mambo kwa kutegemea maandishi yetu. Tukikusanya yasiyo kweli, watashauriwa yasiyo kweli.

Kanisa halina sababu ya kuuona utafiti kuwa jambo geni. Mwinjili Luka, katika aya nne za kwanza za Injili yake, aeleza wazi namna alivyofanya kazi: aliyajua maandishi ya waliomtangulia, alizitegemea habari za mashahidi walioyaona mambo kwa macho, akayachunguza yote tangu mwanzo, kisha akayapanga kwa taratibu. Yaani kabla ya kusimulia alimweleza Theofilo jinsi alivyopata habari zake. Nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo.

Katika makala hii twapenda kuonyesha jambo moja: kwamba njia ya kukusanya data huzaliwa na swali, na kwamba mtumishi wa Kanisa akiwa mtafiti ana tatizo moja la ziada ambalo vitabu vingi vya mbinu za utafiti havilitaji. Tumechagua mifano kutoka Karatu na Ngorongoro, kwa kuwa ni vigumu kupata mahali pengine nchini panapoidhihirisha haja hii kwa wepisi kama hapo. Katika eneo hilo Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga, Wahadzabe, Wasonjo na wahamiaji wa makabila ya Kibantu huishi jirani. Na lugha zao ni za koo mbalimbali kabisa.

Swali la "wangapi?"

Tuseme mwanafunzi ataka kujua Walutheri wa Wilaya ya Karatu ni wangapi, na kama wanaongezeka. Mawazo yake ya kwanza yatakwenda kwenye sensa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu wapatao 280,000 katika Wilaya ya Karatu na wapatao 273,000 katika Wilaya ya Ngorongoro. Lakini haitamwambia lolote juu ya dini yao, maana sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini kuuliza kabila na dini. Kwa hiyo itambidi avigeukie vitabu vya sharika: ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi.

Vitabu hivyo ni hazina, ila vina tabia yake ambayo mtafiti lazima aijue. Humwandika aingiaye kwa uangalifu kuliko atokaye. Kijana aliyebatizwa Karatu akahamia Arusha, au mama aliyejiunga kimyakimya na kanisa la Kipentekoste, aweza kubaki kitabuni miaka mingi. Basi asiyefahamu hilo ataandika kwamba usharika unakua, ilhali mabenchi yanapungua watu. Dawa yake ni kulinganisha: vitabu vya ubatizo viwekwe kando ya hesabu ya mahudhurio ya Jumapili kadhaa zilizoteuliwa katika majira mbalimbali, kiangazi na masika, wakati wa kulima na baada ya mavuno. Hapo hesabu ndiyo njia ifaayo, kwa sababu swali lenyewe ni la hesabu.

Swali la "wanaamini nini?"

Sasa tuseme swali limebadilika: Wakristo wa Kiiraqw na wa Kimaasai wanamfahamuje Mungu? Mwanafunzi akiandika katika hojaji, "Je, unamwamini Mungu mmoja?", watu wote watajibu "Ndiyo", naye atapata asilimia mia moja isiyomfundisha kitu.

Shida iko katika neno lenyewe. Kwa Kiiraqw, Looaa ni jina la jinsia ya kike, na katika mapokeo ya wazee lahusishwa na jua na wema. Pembeni yake wako neetlangw, pepo wa ardhi na maji, ambao huogopwa. Kwa Kimaasai, Enkai nalo ni neno la jinsia ya kike, na neno hilohilo latumika kwa mbingu na kwa mvua. Mkristo aliyekuzwa katika lugha hizo huyabeba hayo yote anaposema "Mungu" kwa Kiswahili. Hojaji ya Kiswahili huyafuta kabla hayajasemwa.

Swali la maana hudai usaili wa kina, unaofanywa kwa lugha ya moyo ya msailiwa, na mkalimani akihitajika, awe mtu aliyefundishwa kutafsiri yaliyosemwa bila kuyapamba. Tena hudai kusikiliza watu wanapoomba pasipo kuulizwa. Wairaqw wana slufay, yaani maombi ya baraka yatamkwayo na mzee mkutanoni huku wasikilizaji wakiitikia. Mtafiti aliyeketi akayasikiliza, na kwa ruhusa akayarekodi, atajifunza juu ya imani ya watu hao mambo ambayo maswali thelathini hayawezi kuyafikia.

Katika kuwakutanisha watu kwa mazungumzo ya vikundi pia yatupasa kuwa waangalifu. Miongoni mwa Wamaasai rika ni jambo kubwa: kijana hamtangulii mzee kunena, wala si rahisi wake kusema kinyume cha waume zao mkutanoni. Kikundi kilichochanganya marika yote na jinsia zote kwa kweli ni usaili wa mzee mmoja mbele ya mashahidi. Vikundi vitengwe: wazee peke yao, vijana peke yao, akina mama peke yao, na akina mama wahojiwe na mwanamke.

Swali la "nini kilitokea?"

Mfano wa tatu watoka Samunge, katika nchi ya Wasonjo, Wilaya ya Ngorongoro. Mwanzoni mwa mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya wagonjwa, kutoka Tanzania na nchi jirani, walimiminika kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo. Yeye alisema ameonyeshwa na Mungu dawa itokanayo na mti uitwao mugariga. Kila mtu alikunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba dawa hiyo yaponya kisukari, saratani, hata UKIMWI. Wapo waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali. Mwasapile alifariki Julai 2021, lakini maswali aliyoyaacha kwa Kanisa hayajazikwa.

Wakati ule habari nyingi zilikusanywa kwa njia moja: mwandishi alimwuliza mtu aliyetoka kunywa kikombe anajisikiaje. Wengi walijibu kwamba wamepona au wanaona nafuu. Hatusemi kwamba walidanganya. Twasema kwamba njia hiyo haikuweza kujibu swali la uponyaji. Kwanza, mtu aliyesafiri siku kadhaa kwa gharama kubwa hujibu kwa tumaini lake. Pili, ugonjwa kama kisukari hupimwa kwa vipimo, kabla na baada, kwa muda wa miezi. Tatu, na hili ndilo zito, waliofariki hawakurudi kutoa ushuhuda. Ukiwahoji waliobaki tu, kila dawa itaonekana njema.

Je, mwanateolojia hana la kutafiti Samunge? Analo, tena kubwa, mradi atofautishe maswali. Kama dawa iliponya ni swali la madaktari na vipimo vyao. Kwa nini Wakristo, na baadhi ya viongozi wao, waliipokea kama kazi ya Mungu ni swali lake, nalo lahitaji nyaraka za mwaka ule, hotuba na matamko, pamoja na masimulizi ya waliokwenda na ya familia za waliofiwa. Tena masimulizi yanayokusanywa miaka mingi baadaye hayafanani na yale ya siku zile; kumbukumbu huendelea kutafsiri. Kwa hiyo kila simulizi liandikwe tarehe lilipotolewa, na lilinganishwe na maandishi ya wakati wa tukio.

Kola ya mchungaji

Twafika kwenye tatizo la ziada tulilolitaja. Mchungaji akiuliza, "Je, mnakwenda kwa mganga?", mshiriki haisikii sauti ya mtafiti, aisikia sauti ya yule atakayemnyima au kumpa Meza ya Bwana. Atajibu yanayopasa kujibiwa kanisani. Hili si unafiki. Ni heshima, na wakati mwingine ni hofu ya haki kabisa.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Mosi, mtafiti asifanye utafiti wa mambo ya siri katika usharika anaouchunga, wala ule anaotarajia kupangiwa. Pili, amwambie msailiwa waziwazi kwamba majibu yake hayatafika kwa wazee wa kanisa, kisha alitimize neno hilo. Tatu, atumie maswali ya kupitia pembeni. Nabii Nathani hakumwuliza Daudi, "Je, umetenda dhambi?" Alimsimulia habari za tajiri na mwana-kondoo wa maskini, naye mfalme akatoa hukumu yake mwenyewe kwa moyo mweupe. Vivyo hivyo mtafiti aweza kusimulia kisa cha mama wa kubuni ambaye mtoto wake anaugua usiku na hospitali iko mbali, kisha akauliza: mama huyu atafanya nini, na majirani watamshauri nini? Watu husema kweli ya nafsi zao wanaponena habari za mwingine.

Data inayoweza kudhuru

Yako maswali ambayo njia sahihi ya kuyakusanyia data ipo, lakini kuikusanya kwaweza kumdhuru aliyejibu. Hifadhi ya Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti mwaka 1959, wafugaji waliachwa waishi ndani yake. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, Wilaya ya Handeni. Serikali iliuita uhamaji wa hiari, na wakazi wengi wakapinga maelezo hayo. Agosti 2024 maelfu ya wakazi waliandamana ndani ya hifadhi.

Mahali palipo na historia ya namna hiyo, mtu mwenye daftari anayeuliza idadi ya watu wa boma, ng'ombe na mashamba hapokelewi kama mwanafunzi. Hata bila mgogoro, wafugaji wengi hawapendi kuhesabu mifugo na watoto kwa sauti. Na msomaji wa Biblia atakumbuka maafa yaliyofuata Daudi alipowahesabu watu. Basi mtafiti ajiulize: je, swali langu lahitaji kweli idadi ya ng'ombe? Ikiwa natafiti namna kanisa linavyowafariji waliohamishwa na waliobaki, hesabu hiyo ya nini? Data isiyohitajika isikusanywe, maana daftari laweza kupotea au kudaiwa. Majina yaachwe, na boma lisitajwe kwa namna itakayolitambulisha.

Vibali navyo si karatasi tupu. Mwanafunzi ahakikishe ana kibali cha utafiti kupitia chuo chake au Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi kwa kazi ya ndani ya hifadhi, na baraka za uongozi wa kijiji na wa usharika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yaitaja imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini zaidi ya vibali vyote kuna ridhaa ya mtu mwenyewe, ambaye ana haki ya kunyamaza, hata mbele ya mchungaji.

Hitimisho

Kabla ya kuandika hojaji, mwanafunzi na aandike sentensi moja iliyo na swali lake. Chini yake aandike: ni nani ajuaye jibu, analijua kwa namna gani, kwa lugha gani, na atapata hasara gani akilisema. Majibu ya maswali hayo manne yatamwonyesha kama ahitaji vitabu, hesabu, usaili, kikundi, au kuketi kimya na kutazama; mara nyingi atahitaji njia mbili, ili moja iisahihishe nyingine. Kisha akaijaribu njia yake kwa watu wachache kabla ya kwenda kwa wengi.

Mwisho, tasnifu ikikamilika, arudi Karatu au Ngorongoro awasomee waliomwambia. Wakisema, "Hivyo sivyo tulivyosema," bado ana nafasi ya kurekebisha.