Mkaguzi wa Mchele wa Goma

Hadithi ya leo haina sungura wala jini. Ina mchele. Mchele wenyewe umeharibika, unataka kuvuka mpaka kutoka Rwanda uingie Congo, na mbele yake amesimama kijana wa ofisini anayeambiwa agonge muhuri tu, mambo yaishe.

Kijana huyo ni Floribert Bwana Chui bin Kositi, mzaliwa wa Goma, 13 Juni 1981. Kwa wale ambao hamjafika Goma: kusini kuna Ziwa Kivu, kaskazini kuna Nyiragongo, volkano ambayo usiku huonekana ikiwaka juu kileleni, na mashariki kuna mpaka wa Rwanda. Mpaka uko pale pale mjini. Akina mama huvuka kwa miguu asubuhi na mizigo yao ya mboga, jioni wakarudi nyumbani kulala. Barabarani vijana wanasukuma chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao yenye usukani kama wa baiskeli, yamesheheni mkaa na viazi. Na lugha ya mtaani ni Kiswahili. Kina Kifaransa ndani yake, lakini mngeelewana na Floribert vizuri.

Floribert alikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kikaua watu kando ya barabara. Baada ya hapo zikaja vita za Congo, moja mwaka 1996, nyingine 1998. Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji na kuzika mitaa mizima. Siwasimulii haya ili mumwonee huruma. Nataka mjue kwamba ule ulikuwa mji wenye kila sababu ya kumfundisha mtu kujiangalia mwenyewe kwanza, wengine baadaye.

Yeye hakujifunza hivyo. Akiwa mwanafunzi wa sheria pale Goma, alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha Wakatoliki walei kilichoanzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari. Hawa kazi yao ni kusali pamoja na kufanya urafiki na maskini. Angalieni neno hilo, urafiki. Kumpa mtu sahani ya chakula ukaondoka ni jambo moja. Kumjua jina, kujua amelala wapi jana na nani amempiga, ni jambo lingine. Goma kuna watoto wanaoishi mitaani, wanaitwa maibobo. Wapita njia wengi huwaona wezi watarajiwa na kukumbatia mikoba yao. Floribert alikaa nao, akawafundisha, akahangaika warudi shule.

Baadaye alipata kazi ambayo vijana wengi wangeiota: OCC, shirika la serikali ya Congo linalokagua ubora wa bidhaa. Alipita Kinshasa kwanza, kisha akarudi Goma kusimamia ukaguzi wa vyakula vinavyovuka mpaka.

Sasa tusimame kidogo kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo hadithi ilipo. Mzigo wa chakula unafika mpakani. Mkaguzi anaangalia: magunia yamelowa? Kuna ukungu? Tarehe imepita? Kama ni salama anatoa cheti, mzigo unaingia sokoni. Kama si salama, unazuiwa na kuteketezwa. Mwenye mzigo amekwisha kulipa pesa zake zote, kwa hiyo cheti kile kimoja ndicho faida au hasara yake. Ukungu nao si wa kuchezea. Nafaka iliyovunda inaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondoki hata ukipika vipi. Tanzania tunaijua: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile huionji mdomoni. Mama anapepeta mchele wake, anaupika, anawapakulia watoto, wala hajui.

Wenye ule mchele walimwendea Floribert na pesa. Akakataa. Wakaongeza dau. Akakataa tena. Vikafuata vitisho, na shinikizo kutoka kwa watu wenye vyeo.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Rushwa haiji na pembe kichwani. Inakuja inatabasamu, inaitwa chai, inaitwa kitu kidogo. Congo wanaiita matabishi. Inakukumbusha kwamba mshahara ni mdogo, kwamba wenzako wote wanachukua, kwamba ukikataa wewe atapitisha mwingine. Hoja hii ya mwisho ndiyo kali kuliko zote, na nakiri kwamba haina jibu jepesi, kwa sababu mara nyingi ni kweli.

Floribert aliongea kwa simu na rafiki yake, mtawa ambaye pia ni daktari, akamuuliza chakula cha namna ile kinaweza kumfanya nini anayekila. Napenda sana kwamba aliuliza. Hakutosheka na kusema kanuni ni kanuni. Alitaka kujua nini kingempata mlaji. Mtawa huyo ndiye aliyekuja kusimulia maneno yake baadaye: kwamba pesa zile zingekwisha upesi, je, watu watakaokula watabaki na nini? Kisha Floribert akajiuliza, je, anaishi ndani ya Kristo au la? Kama jibu ni ndiyo, hawezi kupokea, na ni afadhali afe.

Mzigo ukateketezwa.

Jumamosi ya 7 Julai 2007 alitekwa. Aliteswa, akauawa tarehe 8, na mwili wake ukapatikana tarehe 9. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hapa mtoto mwerevu wa katekisimu atanyoosha mkono: huyu ni shahidi wa namna gani? Hakuna aliyemwambia amkane Yesu. Hakuna aliyemkanyagisha msalaba. Aliuawa na watu wenye tamaa kwa sababu ya magunia ya mchele. Ni swali zuri, na Kanisa lenyewe liliuliza hivyo hivyo, kwa sababu kuitwa shahidi kunataka mtu awe ameuawa kwa chuki dhidi ya imani. Kufa kwa ajili ya jambo jema tu hakutoshi.

Mkumbuke Yohane Mbatizaji. Herode hakumuuliza juu ya kanuni ya imani. Yohane alimwambia si halali kumchukua mke wa ndugu yako, na kwa maneno hayo kichwa chake kikaishia kwenye sinia. Hata hivyo Kanisa halijawahi kuwa na shaka kwamba ni shahidi. Mkumbuke pia Karoli Lwanga na Kizito, mashahidi wa Uganda waliochomwa moto Namugongo 3 Juni 1886. Kabaka Mwanga alichukizwa na dini yao, ni kweli, lakini pia walikataa matakwa yake ambayo imani hiyo iliwakataza. Mtu akikataa uovu kwa sababu ya Kristo, kisha akauawa kwa kukataa huko, sababu haijabadilika kwa kuwa kilichokuwa mezani ni mchele. Muuaji anachochukia ni hicho hicho kilichomfanya mwenzake asinunulike.

Mimi nadhani ndiyo maana hadithi hii iliwagusa vijana kuliko nyingi. Kwenye picha zetu za watakatifu wengi wanatazama mbinguni, mikono kifuani, kama vile hawajawahi kupanga foleni. Huyu alikuwa na kalamu, muhuri na simu ya mkononi. Tarehe 2 Februari 2023, kwenye Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Papa Fransisko aliwaambia vijana watazame vidole vyao, akavipa kila kimoja kazi: gumba ni sala, cha shahada ni jumuiya, cha kati ni uaminifu, cha pete ni msamaha, cha mwisho ni huduma. Alipofika kidole cha kati alimtaja Floribert. Akasema angeweza kufumba macho, wala hakuna mtu angejua. Lakini alisali, akawafikiria wengine.

Novemba 2024 Papa huyo huyo aliridhia atambuliwe kuwa shahidi. Kwa kawaida, ili mtu atangazwe mwenye heri, hatua moja kabla ya utakatifu, unatakiwa muujiza uliothibitishwa. Shahidi hadaiwi muujiza katika hatua hiyo. Kilichobaki kilikuwa sherehe, na Goma ingekuwa mahali pake. Lakini Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji. Basi Floribert akatangazwa mwenye heri mbali na nyumbani, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, tarehe 15 Juni 2025. Kesho yake Papa Leo wa Kumi na Nne, mrithi wa Fransisko, akawapokea mahujaji waliofika kwa ajili yake. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao.

Sikukuu yake ni 8 Julai. Na Goma kuna shule yenye jina lake, inayosomesha watoto wa familia zilizokimbia vita.