Je, Wajua? Nguvu za kiume na moyo

Je, wajua kwamba upungufu wa nguvu za kiume unaweza kuwa taarifa ya mapema kuhusu moyo? Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ile inayoulisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoganda ndani ya mishipa, myembamba huelemewa kwanza. Ndiyo maana tatizo la chumbani mara nyingi hutangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa.

Si kila mara, maana msongo wa mawazo na baadhi ya dawa nazo huchangia. Lakini kisukari, presha na sigara huharibu utando wa ndani wa mishipa, ule unaotoa gesi ya nitriki oksidi ili mishipa ilegee na damu iingie. Wamarekani watatu waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, mwaka uleule Viagra, dawa ya nguvu za kiume, iliporuhusiwa Marekani. Dawa hiyo ilianza kwa kujaribiwa Uingereza kama tiba ya moyo! Hata hivyo, anayetumia dawa za moyo za nitrati akiimeza, presha yaweza kushuka hadi akapoteza maisha.

Inaniuma kuona wanaume wakinunua kimyakimya vumbi la Kongo, unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, kabla hawajapima sukari. Kubadili mtindo wa maisha nako kwaweza kusaidia: nchini Italia, utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wanaume wanene waliopunguza uzito na kufanya mazoezi walirudiwa na nguvu zao.